Risasi za Rafu ya Juu

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza niliona viatu vyake tu. Vilikuwa vimetokeza chini ya meza yangu ghalani, visigino juu, soli ya kulia imeshonwa kwa uzi wa kijani. Nilisimama mlangoni na funguo mkononi. Mkuu wa kituo alikuwa na funguo zake, bila shaka ndiye aliyemfungulia. Mimi si mtu wa kumhoji mtu, hata akiwa chini ya meza yangu mwenyewe, kwa hiyo nilisubiri.

Baadaye viatu vikarudi nyuma, yakafuata magoti, kisha mgongo, kisha mwanamume mfupi mwenye mvi pembeni mwa kichwa. Mkononi alikuwa na sumaku nyeusi ya duara, ile inayotolewa kwenye spika ya redio mbovu, imefungwa kamba ya kiatu. Juu yake ilikuwa imenata springi ndogo kama punje ya mchele, pini zangu nne za karatasi, na sindano niliyoitafuta mwaka mzima.

"Springi ni yangu," akasema. "Hivi vingine vyako?"

Nikasema ndiyo.

"Eh?"

Nikasema tena. Akageuza kichwa na kunisogezea sikio la kulia.

"Hili la kushoto ni pambo tu," akasema. "Ukiwa na neno, njoo nalo upande huu."

Huyo ndiye alikuwa fundi mpya wa bunduki. Jina lake lilikuwa kwenye barua aliyokuja nayo, na mimi nililinakili daftarini, lakini sidhani kama kuna mlinzi aliyelitumia hata mara moja. Kabla ya wiki kwisha kila mtu alikuwa akimwita Sumaku.

Kituo chetu kilikuwa cha walinzi wa msitu. Walinzi kumi na wawili, bunduki saba, mkuu mmoja, mpishi mmoja, na mimi mtunza ghala. Walinzi walitembea wawiliwawili, kila wawili na bunduki moja, kuwazuia wezi wa magogo na kuwafukuza nguruwe mwitu waliotoka msituni kufukua mashamba ya watu. Mimi kazi yangu ilikuwa mabuti, makoti ya mvua, tochi, kamba na risasi. Nimesoma shule ya msingi tu, lakini mwandiko wangu ni mzuri, na ndio ulionipa kazi. Mlinzi akichukua risasi kumi, naandika kumi. Akirudi amepiga tatu, anarudisha saba nzima na maganda matatu matupu. Ganda likipungua anarudi porini kulitafuta, awe amechoka au hajachoka, mvua iwe inanyesha au hainyeshi. Sheria hiyo ilikuwepo kabla ya Sumaku, ila yeye ndiye aliyeitia meno.

Ghala lilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye dirisha la nondo. Meza yangu ilikaa dirishani, yake ukutani mbele ya kabati la bunduki. Kwa miaka minne tulikaa tumepeana migongo. Sauti yangu ni ndogo, yeye ana sikio moja, na hakupenda kelele. Basi wiki ya pili akachukua ganda tupu la shaba, akaliegemeza kwenye mdomo wa chini, akalipuliza. Likalia kama filimbi. Tangu siku hiyo, akitaka kitu rafuni alipuliza mara moja. Akitaka tunywe chai, mara mbili. Mimi nami alinipa ganda langu, likawa linakaa kwenye kopo la kalamu. Kuna siku tulifanya kazi kutwa nzima bila neno, kwa filimbi tu, na mimi nilirudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyetoka kuzungumza sana.

Habari zake nilizipata kidogokidogo, kipande leo, kipande baada ya mwezi. Alilelewa na mjomba wake kwenye karakana ya baiskeli. Akaingia jeshini, akapelekwa upande wa silaha kwa sababu alijua kunyoosha spoku. Sikio lilikufa siku mwenzake alipojaribu bunduki ndani ya chumba kilichofungwa bila kumwonya mtu.

"Aliniomba radhi," aliniambia. "Ila aliomba upande wa kushoto, sikumsikia."

Mkewe aliondoka zamani. Binti yake alikuwa muuguzi kwenye mji wa mbali na alimpigia simu kila Jumapili saa nne asubuhi. Ikikaribia saa nne, Sumaku alikwenda kusimama kando ya tangi la maji, simu mkononi, akiiangalia mpaka ilie. Chai aliinywa ikiwa imepoa kabisa. Kucha alizikata kila Ijumaa, kwa koleo.

Aliyemtania kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, mlinzi wa bunduki namba tano. Dada yangu amenizidi miaka sita. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, na mumewe ndiye aliyenisemea kwa mkuu nikapata kazi. Tuliishi nyumba moja, wao vyumba viwili, mimi kimoja. Shemeji alikuwa na mdomo. Tukienda dukani, yeye aliuliza na mimi nilibeba. Sikuwahi kuona ubaya katika mpango huo.

"Mzee Sumaku," alisema siku moja dirishani, wenzake wamejaa nyuma yake, "mkeo naye ulimpima kwa hicho kidude?"

"Nilimpima."

"Ikawaje?"

"Hakunata."

Walinzi walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Sumaku mwenyewe alikuwa amesharudi kwenye bolti ya bunduki aliyokuwa akiipaka mafuta.

Mwaka wake wa tatu risasi zetu zilikaribia kwisha. Tangu kituo kianze tulitumia za ganda la shaba, zile za njano. Sasa makao makuu yakatuma masanduku mawili ya majaribio pamoja na barua. Sanduku moja lilikuwa la shaba, jingine la chuma. Ganda la chuma lilikuwa la kijivu, limepakwa kitu kama vanishi lisishike kutu. Barua ilisema kwa bajeti ile ile tungepata masanduku mawili ya shaba au matatu ya chuma; fundi ajaribu, achague, aweke sahihi.

Mkuu wa kituo aliileta mwenyewe.

"Sahihi ni yako, mzee," akasema. "Likiharibika jambo, mimi simo."

"Na likienda vizuri?"

"Likienda vizuri tumo wote."

Tulikwenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe nyuma ya kituo, siku tatu, yeye kupiga na mimi kuokota maganda na kuandika. Kabla ya kuanza alinifundisha kupima. Nilikuwa nimeigusisha sumaku kwenye ncha ya risasi ya shaba, ikanata, nikashangaa.

"Ncha itakudanganya," akasema. "Ncha inaweza kuwa na chuma ndani hata ganda likiwa la shaba. Pima hapa, kiunoni."

Nikapima kiunoni. Ya shaba haikunata. Ya chuma ilirukia sumaku yenyewe.

Alichukua bunduki tatu. Namba moja aliilisha chuma tupu, risasi mia mbili. Haikugoma hata mara moja, ila ilitoka na masizi kama sufuria ya kuni. Namba mbili aliilisha shaba tupu, mia mbili vilevile, ikatoka safi. Namba tatu aliipa chuma kwanza, thelathini, halafu bila kuisafisha akaingiza shaba. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka kwa kuvutwa. Ya tatu ilipiga, na ganda likabaki ndani. Alivuta bolti, haikusogea. Akaweka kitako cha bunduki chini, akatumbukiza fimbo ya kusafishia kupitia mdomo wa mtutu, akaigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ganda likaanguka, limechubuka na kuwa na mabaka meusi.

Akakaa juu ya jiwe na kikombe chake cha chai baridi.

"Shaba ni laini," akasema. "Ukipiga inavimba, inabana ukuta wa chemba, pale risasi inapokaa, moshi unabaki mbele. Chuma ni kigumu, hakibani vizuri. Moshi unarudi, masizi yanaganda mle ndani. Ukiendelea na chuma, hakuna neno, kinapita. Ukileta shaba juu ya masizi hayo, ikivimba inayang'ang'ania. Hapo huna tena bunduki. Una fimbo."

"Kwa hiyo ipi mbaya?" nikauliza, upande wa kulia.

"Hakuna mbaya. Ni kama wake wenza. Kila mmoja mzuri nyumbani kwake, usiwaweke chumba kimoja."

Kisha nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga. Nilimuuliza, kama anayekwenda porini ni mwanawe, angempa ipi.

Aliokota risasi ya shaba, akaifuta kwa kidole gumba.

"Mwanangu ningempa hii," akasema. "Na bunduki ningemsafishia kwa mkono wangu."

Lakini alipoandika, alichagua chuma. Aliniambia sababu tukiwa tunarudi. Walinzi wetu walikuwa wakilenga shabaha mara moja kwa mwezi, tena kwa kubanwa, na nusu yao wangekosa ukuta. Kwa masanduku matatu wangelenga kila Jumamosi. Alisema afadhali mtu aliyezoea bunduki yake akiwa na chuma kuliko mtu mwenye shaba na mikono inayotetemeka. Akaweka sahihi. Nikaandika kwa mwandiko wangu kibao cha kuning'iniza juu ya dirisha la ghala, herufi nene, neno moja alilonitajia: USICHANGANYE.

Risasi za shaba zilizobaki zilikuwa arobaini na moja. Tuliziweka rafu ya juu kwa ajili ya bunduki namba saba, iliyokuwa kuukuu na kile kijino chake cha kuvutia ganda kimelika. Hiyo ilikuwa haipokei chuma. Ilikaa kabatini kama akiba.

Miezi saba ilipita bila bunduki kugoma. Kila Jumamosi asubuhi walinzi walikwenda machimboni, kila mmoja risasi kumi za chuma, kisha bunduki zote zikarudi kwa Sumaku kusafishwa kabla ya doria. Shabaha zao zilinyooka. Shemeji alianza kujigamba kwamba anaweza kumtoa nzi kwenye kopo bila kulitoboa kopo.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia ilianza kama nyingine. Sumaku alikwenda zahanati asubuhi. Sikio lake lililo zima lilikuwa likimuuma siku mbili, na aliogopa. Aliniachia maagizo kwamba bunduki zinazotoka machimboni zimsubiri mezani. Namba tano ilikuwa haijafika bado. Kabla ya saa tano mkulima mmoja akaja mbio kwa mkuu, nguruwe dume yumo shambani mwake mchana kweupe, amemkimbiza mkewe mpaka ndani. Mkuu akawatuma waliokuwa karibu. Waliokuwa karibu walikuwa shemeji na mwenzake waliyemwita Kobe, kwa sababu ya begi lake.

Shemeji alikuja dirishani akitoka machimboni moja kwa moja, jasho usoni, bunduki begani.

"Shemeji, nijazie. Kumi zinatosha. Huyo nguruwe leo analala jikoni."

Nikaligusa sanduku la chuma. Kisha nikatazama rafu ya juu.

Nataka kulieleza vizuri kwa sababu nimelifikiria kwa muda mrefu. Sikuwa na haraka. Sikukosea sanduku. Nilikumbuka dada alivyokuwa akiniambia kila akiosha vyombo, mwangalie mwenzangu huko, wewe ndiye uko karibu. Nilikumbuka maneno ya Sumaku, mwanangu ningempa hii. Kibao nilikuwa nimekiandika mwenyewe na nilikiona pale juu. Nikaona kwamba nikijaza magazini yote shaba, kumi kwa kumi, nitakuwa sijachanganya. Sikufikiria kwamba bunduki yenyewe ilikuwa imetoka kula chuma robo saa iliyopita na haijasafishwa. Nilitazama magazini tu.

Nikashusha risasi kumi za njano.

"Ala!" shemeji akasema. "Leo umenipa dhahabu. Kuna nini, naoa?"

"Nenda tu," nikasema.

"Dada yako asikie. Ndugu yake amenifanyia harusi."

Daftarini niliandika kumi, chuma. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika kitu ambacho si kweli. Niliona ni jambo dogo, upendeleo wa nyumbani.

Kobe ndiye aliyesimulia yaliyotokea, na kila aliposimulia alisimulia vilevile. Nguruwe alitoka kwenye mihogo, hatua kama ishirini. Shemeji alipiga, akampata begani. Nguruwe hakuanguka, akageuka na kuja. Shemeji akavuta bolti. Haikufunguka. Akavuta tena, akaigonga kwa kiganja. Kobe alikuwa na panga tu, na alikuwa nyuma. Meno yalimpata shemeji paja la ndani, juu. Nguruwe akapita, akaingia kichakani, wakamkuta amekufa humo jioni. Shemeji alikuwa akizungumza mpaka barabarani. Kobe anasema alikuwa akiwaambia wamletee bunduki yake, isiachwe shambani.

Walimpitisha kituoni kwenye gari la mkulima. Nilimwona kupitia nondo. Nilitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa sita na dakika kumi na mbili, nikaiandika kwenye kikaratasi. Sijui niliiandikia nini. Alifariki kabla ya kufika hospitali.

Sumaku alirudi na pamba sikioni na kuikuta namba tano juu ya meza yake, ina udongo. Alikuwa ameshaambiwa getini. Alivua koti, akalitundika, akaketi. Mimi nilikuwa nimekaa mahali pangu, mgongo kwake. Nilisikia fimbo ikiingia mtutuni, kisha nyundo ya mbao, pigo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha kitu kidogo kikaanguka mezani.

Akapuliza filimbi mara moja. Nikaenda.

Ganda lilikuwa mezani. Rangi yake ilionekana wazi, mtoto angeijua. Lakini alitoa sumaku kifuani, akaishusha kwa kamba mpaka ikagusa kiuno cha ganda. Akaiinua. Ganda likabaki pale pale. Akatoa magazini, akasukuma risasi tisa moja baada ya nyingine, akazipanga mstari, akapima kila moja. Zote tisa, na hakuna iliyonata. Hakunitazama. Alipomaliza alisimama, akazipeleka rafu ya juu, akazirudisha kwenye kisanduku chake na kukifunga. Ganda akalitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Nenda nyumbani kwa dada yako," akasema. "Hapa nitafunga mimi."

Nilikwenda. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Nilibeba viti, nikachota maji, nikapokea salamu. Watu walisema namna ninavyojikaza, kumbe sikuwa najikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usingizini, unauona ni wako lakini hauna habari nawe. Tulizika Jumatatu. Dada aliuliza mara moja tu, ilikuwaje bunduki ikagoma, na mimi nikasema watachunguza. Alipokuja kujua, baadaye, kwa kinywa changu, alichoniambia ni chake na sitakiandika hapa. Bado tunaishi nyumba moja.

Mkaguzi alitumwa kutoka makao makuu wiki iliyofuata. Kikao kilifanyika ofisini kwa mkuu: mkaguzi, mkuu, Sumaku, na mimi wa kuandika, kwa sababu ya mwandiko. Meza ilikuwa na mguu mfupi na kila mkaguzi alipoegemea kalamu yangu iliruka.

"Ni wewe uliyechagua risasi za chuma?" mkaguzi akauliza.

"Ni mimi."

"Ulijua kwamba zinachafua chemba?"

"Nilijua. Niliandika kwenye taarifa."

"Na bado ukachagua."

"Nikachagua."

"Marehemu alipewa risasi gani siku hiyo?"

Kalamu yangu ilisimama. Sumaku alikuwa amenigeuzia upande wake wa kushoto.

"Daftari linasema chuma," akajibu.

"Ganda lililokwama liko wapi? Nataka kuliona."

"Lilipotoka liliharibika. Nimelitupa."

Mkuu wa kituo alimtazama kwa mshangao. Huyu ndiye mtu aliyewarudisha walinzi porini kwenye mvua kwa ganda moja. Mimi nilikuwa nakitazama kifungo cha mfuko wake wa shati. Kilikuwa kimefungwa, na chini yake kulikuwa na kitu kirefu, chembamba, kimejichora kwenye kitambaa.

"Umetupa kielelezo," mkaguzi akasema.

"Ndiyo, mkuu."

"Fundi mzima."

"Ndiyo."

Mkaguzi akaniamuru niandike. Nikaandika kwamba fundi alichagua risasi zisizofaa, kwamba kwa uzembe wake silaha ilikwama, kwamba alipoteza kielelezo, kwamba anaondolewa kazini kuanzia siku hiyo. Niliandika kwa herufi safi, bila kufuta mahali. Nilijua kwamba nikifungua mdomo, yote hayo yanageuka. Nilijua pia kwamba yeye analijua hilo, na kwamba alikuwa amenipa nafasi yote ya kikao kile na hakuichukua kutoka kwangu. Nilikausha wino, nikampa asome. Akasoma, akaomba kalamu, akaweka sahihi chini ya mwandiko wangu. Sahihi yake ilikuwa ile ile ya kwenye barua ya risasi.

Tulipotoka nje, mkuu wa kituo alimfuata hadi kwenye ngazi.

"Mzee, mbona hukujitetea hata kidogo?"

"Si ulisema likiharibika wewe humo?" Sumaku akajibu. "Basi kaa nje."

Alifungasha siku mbili. Mali yake iliingia kwenye sanduku moja la bati na mfuko wa vifaa. Bunduki zote saba alizisafisha kabla ya kukabidhi, hata namba saba ambayo haikuwa imetoka kabatini. Risasi za shaba alizihesabu mbele yangu, zikawa arobaini. Mahali pa ile moja daftarini pakabaki wazi, na hakuniuliza nitaandika nini.

Nilimbebea sanduku mpaka barabara kuu. Ni mwendo wa nusu saa. Mfuko wa vifaa alikuwa ameutundika bega la kulia, unamgonga kiunoni, kwa hiyo mimi nilitembea kushoto. Asubuhi ilikuwa na ukungu na majani yalikuwa na maji. Tulipita mashamba, tukapita lile lenye mihogo iliyofukuliwa. Hapo ndipo nilipoanza kusema. Nilisema kwa sauti yangu hii ndogo, bila kumtazama. Nilisema ni mimi, nilizishusha rafu ya juu kwa mkono wangu, niliona ndizo bora, niliandika chuma, kikaoni nilikaa kimya na kuandika uzembe wake. Nilisema yote mpaka yakaisha. Alikuwa akitembea hatua zile zile. Niliongea na upande aliouita pambo, na nilikuwa najua ni upande upi. Nadhani ndiyo sababu maneno yalitoka.

Barabarani tulikaa juu ya sanduku, tumepeana migongo kama ghalani. Nilifikiri hakusikia, na nikiri kwamba nilipata nafuu, nafuu baridi, kama ya mtu aliyetua mzigo mahali pasipo pake. Lori dogo likaja, likasimama. Tuliinua sanduku pamoja. Alipanda mbele kwa dereva, akafunga mlango, akashusha kioo. Akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa lile ganda la shaba lenye mabaka meusi, akaniwekea kiganjani na kukikunja kiganja changu kwa mkono wake. Kisha akagusa sikio lake la kushoto.

"Hili halisikii, unajua," akasema. "Kamwambie dada yako. Yeye anasikia kote."